Marobota yameota ukungu: je, dawa ni kununua beila?

*"Shikamoo mtaalamu. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa wilayani Hai, na nina ekari tatu tambarare, chini ya Boma Ng'ombe, nilizopanda nyasi za malisho aina ya Boma Rhodes. Mwaka jana nilisubiri majani yakomae, mwishoni mwa Juni yalipokuwa ya kahawia juu nikayakata kwa fyekeo. Kesho yake asubuhi na mapema vijana wakayafunga marobota kwa mkono, nikayapanga stoo juu ya sakafu ya saruji. Kufikia Septemba zaidi ya nusu yalikuwa na ukungu ndani na ng'ombe wakayakataa. Fundi mmoja wa matrekta anasema kosa ni kufunga kwa mkono, kwamba hayakubanwa vizuri hewa ikaingia. Ana beila, mashine ya kufungia marobota, iliyotumika Ulaya, anataka milioni tisa, na trekta naweza kukodi. Jirani naye anasema nisubiri majani yakaukie shambani yakiwa yamesimama. Fedha niliyonayo ni mkopo. Nifanyeje?"*

Marahaba. Nashukuru umeeleza kila kitu kwa utaratibu, maana jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Unachoogopa ni kupoteza malisho kwa mara ya pili, na safari hii ukiwa na deni mgongoni. Kwa ekari tatu na ng'ombe watatu, usinunue hiyo beila. Na hata ungekuwa nayo mwaka jana, marobota yako yangeoza vilevile, pengine zaidi.

Tuanze na hoja ya fundi. Hewa haiozeshi hei, yaani majani makavu ya kuhifadhi. Kinachoozesha ni unyevu uliofungiwa ndani. Majani ya Rhodes yanapokatwa huwa na maji kama asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake, na ili yahifadhike salama yanatakiwa yashuke hadi asilimia 15, au 18 kwa juu kabisa. Chukua robota moja la kilo 15 lililokauka sawasawa: limetokana na majani mabichi kama kilo 64. Maana yake kilo 49 hivi za maji zilipaswa kuondoka kwa jua na upepo kabla kamba haijafungwa. Maji hayo yakibaki kidogo tu, kuvu na bakteria wanapata makazi. Wanakula sukari iliyo kwenye majani, na katika kula huko wanatoa joto na maji mengine mapya. Robota linajilowesha lenyewe kutoka ndani, ndiyo maana ulipanga yanayoonekana makavu na ukafungua meusi.

Sasa fikiria beila. Kazi yake ni kushindilia. Robota lililoshindiliwa na mashine ni zito na limebana, kwa hiyo joto na mvuke havina pa kutokea. Majani yenye unyevu wa asilimia 20 yanaweza kuponea katika robota lililofungwa legelege kwa mkono likawekwa penye upepo. Yakipita kwenye beila, yanaharibika. Fundi amegeuza mambo: kadiri mashine inavyobana, ndivyo majani yanavyotakiwa kuwa makavu zaidi.

Jirani yako naye anasema kitu kinachosikika kuwa na busara, lakini kitakugharimu maziwa. Nyasi inapochanua, inaanza kuhamisha chakula chake kutoka kwenye jani kwenda kwenye mbegu, na shina linakakamaa kwa nyuzi ambazo ng'ombe hawezi kuzitumia. Rhodes iliyokatwa inapoanza kutoa maua huwa na protini ya asilimia 9 hadi 11 ikiwa shamba limetunzwa. Iliyoachwa hadi ikamwaga mbegu inaweza kushuka chini ya asilimia 7, na chini ya hapo vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe vinadhoofika, vinashindwa hata kusaga yale majani yenyewe. Ng'ombe anashiba, tumbo limejaa, na maziwa yanapungua. Utamlisha mabua, halafu utalipia pumba na mashudu kufidia.

Kuna jambo lingine kuhusu majani yaliyosimama. Rangi ya kahawia uliyoiona ilikuwa juu tu. Chini, karibu na udongo, shina la Rhodes iliyolala lilikuwa bado la kijani na lina maji, hasa mwishoni mwa Juni wakati huku kwetu mawingu yanatanda hadi saa tano. Ukakata leo, ukafunga kesho asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujaondoka. Kisha ukapanga juu ya saruji, ambayo hupitisha unyevu kutoka ardhini na kuuleta kwenye robota la chini. Hayo matatu yalitosha kukupa ukungu ule. Na hakuna hata moja ambalo beila ingelitibu.

Ngoja tuangalie hesabu yako, maana ndiyo inayoamua kuhusu mashine. Ng'ombe wa kilo 400 hivi, akipata na pumba kidogo na majani mabichi ya pembezoni, mpe hei kilo 10 kwa siku. Watatu ni kilo 30. Kutoka Julai hadi mwisho wa Oktoba ni takriban siku 120, yaani kilo 3,600, sawa na marobota 240 ya kilo 15. Ongeza kidogo kwa yanayomwagika chini na kukanyagwa, useme 270. Ekari tatu za Rhodes iliyotiwa samadi, nikikadiria kwa tahadhari tani moja na nusu kwa ekari kwa mkato mmoja, zinakupa marobota 300. Shamba lako linatosha. Hilo ni jambo zuri, wafugaji wengi hawana hata nusu yake.

Lakini marobota 300 kwa beila, hata ya zamani inayokwenda polepole, ni kazi ya saa mbili au tatu. Mwaka mzima uliobaki itakaa chini ya mti ikila kutu. Ukigawa milioni tisa kwa marobota 300 kwa miaka mitano, kila robota limebeba shilingi 6,000 za kununulia mashine tu, kabla hujahesabu riba, trekta, dizeli, kamba na vipuri. Mwenye kazi ya marobota 3,000 kwa msimu, anayezunguka kuwafungia wenzake, anabeba shilingi 600. Kwa mtu huyo beila iliyotumika ni biashara halali kabisa, na sina neno juu yake. Wewe siye mtu huyo, angalau kwa sasa.

Basi ufunge kwa nini? Kwa kasha la mbao. Mpeleke seremala vipimo hivi vya ndani: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, lisiwe na kitako wala kifuniko, na upande mmoja ufunguke kwa bawaba ili robota litoke bila kuvutwa. Unatandika kamba mbili ndani kabla ya kujaza, ncha zikining'inia nje. Unatia majani kwa tabaka, kijana anapanda anayakanyaga kila tabaka, hasa kwenye pembe nne ambako watu husahau, kisha mnavuta kamba na kufunga. Likijazwa kwa uvivu linatoa kilo 10, likikanyagwa barabara linafika 15 hadi 20. Watu wawili waliozoea wanafunga 40 hadi 60 kwa siku.

Na hapo ndipo kasha linapoizidi beila kwa mtu wa ekari tatu. Kwa kuwa huwezi kufunga zaidi ya marobota 50 kwa siku, unakata nusu ekari tu kwa wakati mmoja, maana nusu ekari ndiyo inayotoa kiasi hicho. Mvua ya ghafla ikija, imekukuta na nusu ekari chini, ekari mbili na nusu bado zimesimama salama. Mwenye mashine ya kukodi hukata zote tatu kwa siku moja kwa sababu trekta imekuja leo, na mvua ikinyesha anapoteza zote.

Fedha, kama lazima itumike, ielekee kwenye kukata. Fyekeo ndiyo kifaa kibaya kuliko vyote kwa hei: linakatakata majani vipande vifupi, linayarusha ovyo, na ukiyakusanya unakusanya na udongo. Kwa eneo lako ningetafuta mashine ya kufyekea ya kuning'iniza begani, iliyotumika lakini nzima, na ningeiwekea kisu cha chuma badala ya uzi wa plastiki, kwa sababu uzi nao unasagasaga. Kata ukiacha sentimita 7 hadi 10 kutoka ardhini. Visiki hivyo vinafanya kazi mbili: nyasi inachipua upya haraka, na majani yaliyokatwa yanalala juu yake upepo ukipita chini. Anayekata avae miwani ya kukinga macho na buti, na watoto wasikae karibu, kwa sababu kisu kinarusha mawe.

Mkiwa wafugaji kumi au zaidi mnaopakana huko tambarare, hapo mashine ya trekta iliyotumika inaanza kuleta maana, na ya kwanza kununua iwe ya kukatia. Zile za ngoma mbili zinazozunguka ni rahisi kutunza: visu vidogo vinavyobadilishwa kwa dakika chache, mikanda, na giaboksi. Zile za bamba la visu vinavyokwenda na kurudi zinahitaji nguvu kidogo ya trekta na ni za bei ya chini, ila visu vinataka kunolewa mara kwa mara na fundi mwenye subira. Zote zinaendeshwa na trekta za kawaida za nguvu farasi 45 hadi 50 zilizojaa mitaani.

Nieleze kukausha kwa kina, maana hei hutengenezwa hapa. Kata asubuhi umande ukishakauka, saa tatu au saa nne. Jani likikatwa, vile vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo juu yake hubaki wazi kwa saa chache tu, kisha hufunga. Katika saa hizo maji yanatoka kwa kasi kuliko wakati wowote utakaofuata. Kwa hiyo usiyaache katika malundo, yatandaze shamba zima, jani lipate jua. Mchana, kama saa saba au saa nane, geuza kwa uma wa mbao ili ya chini yaje juu. Jioni yakusanye kwenye vichuguu vidogo vidogo. Umande wa usiku utalowesha ngozi ya nje tu. Siku ya pili, umande ukishaondoka, tandaza tena na ugeuze mara mbili. Yakianza kutoa mlio wa kukwaruza unapoyageuza, yavute kwa reki yawe matuta membamba, yamalizie kukauka kwa upepo bila kuchomwa na jua. Jua likizidi linaondoa ile rangi ya kijani, na pamoja nayo vitamini A ambayo ng'ombe angeitengeneza kutokana na majani hayo.

Siku ngapi? Tambarare ya Boma Ng'ombe kukiwa na jua la kweli, mbili hadi tatu. Juni na Julai mawingu yakitanda, nne. Usihesabu siku, pima. Chukua konzi ya majani kutoka katikati ya tuta, yasokote kwa mikono miwili kwa nguvu. Yakikatika kwa mlio, ni makavu. Yakijipinda tu, bado. Kisha chukua shina nene, tafuta pingili, likwaruze kwa ukucha. Ukiona unyevu au ngozi inachunika, rudisha juani. Kipimo cha tatu ni kile kile wanachotumia wakulima kwa mahindi: katakata majani kidogo, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa uache kidogo. Chumvi ikigandamana au kushika kwenye kioo, usifunge. Pima pingili za shina la chini kabisa, kwa sababu jani hukauka siku nzima kabla ya pingili, na watu wengi hudanganywa na jani.

Unakata lini basi? Ukipita shambani ukaona kama theluthi moja ya mashina yametoa ua, anza. Kwa masika ya kwetu hilo huangukia mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni, na hapo unagombana na mvua za mwisho. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na ukisikia siku tatu kavu, kata nusu ekari. Ukilazimika kuchagua kati ya kusubiri wiki moja na kuloweshwa, subiri. Hei iliyochelewa wiki inapoteza protini kidogo, hei iliyonyeshewa mara mbili ikiwa chini inapoteza sehemu kubwa ya kilichokuwa na faida. Na kama una mabingobingo mahali fulani, usiyafanye hei. Shina lake ni nene mno. Yakatekate uyashindilie kuwa saileji, yaani malisho mabichi yaliyochachushwa bila hewa.

Kuhusu kamba, tumia katani. Kamba za marobota ndizo zilizoibeba biashara ya katani ya Tanga, zao lililoletwa pwani na Richard Hindorf mwaka 1893, hadi kamba za plastiki zilipokuja kuibana kwenye miaka ya 1960. Sababu yangu si historia tu. Ng'ombe akimeza kipande cha katani, kinaoza tumboni taratibu. Akimeza cha plastiki, kinabaki, kinajiviringa na vingine, na siku moja unamwita daktari wa kupasua.

Stoo yako isiguse saruji. Weka magogo au mbao za kubebea mizigo, sentimita 15 kutoka chini, na uache nafasi ya mkono kati ya marobota na ukuta. Marobota 300 ya kasha yanajaza kama mita za ujazo 63, kwa hiyo kibanda cha mita 5 kwa 6 chenye kimo cha mita 2.5 kinatosha, hata kikiwa wazi pande mbili. Usifunike kwa turubai linalogusa majani. Mvuke utaganda chini yake na kudondoka. Wiki tatu za kwanza, kila baada ya siku mbili, choma nondo katikati ya rundo, iache dakika kumi na tano, uichomoe. Ukiweza kuishika bila shida, vizuri. Ikikuunguza mkono, au ukisikia harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua, rundo linachemka. Hei yenye unyevu hujiwasha moto yenyewe, na joto la nyuzi 65 ni la hatari. Usilivuruge rundo la namna hiyo peke yako. Hewa mpya ikiingia linaweza kulipuka moto. Ita watu, weka maji karibu, ndipo mtoe nje robota moja moja. Ng'ombe hupenda hei iliyoungua hivyo kwa sababu ya utamu, lakini protini yake imeshikana na joto na hawezi kuitumia.

Nimesema usinunue ile beila, lakini huenda ushirika wenu ukaamua kununua moja baadaye, kwa hiyo nikuambie pa kutazama. Usikubali kuonyeshwa ikiwa imesimama. Iunganishwe kwenye PTO, ile shafti ya trekta inayoendesha mashine, ifunge marobota ishirini mfululizo kwa majani halisi, na ukague fundo la kila moja. Kifaa cha kufunga fundo ndicho roho ya mashine hiyo, na kikiwa kimelika, kila robota la tatu litafumuka shambani. Tazama bolti ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka), ile iliyowekwa makusudi ikatike mashine inapokwama. Ukikuta mtu ameweka bolti ngumu mahali pake, au amechomelea, jua giaboksi na sindano zinazopitisha kamba zimeshapata mapigo ambayo hayakustahili kuwapata. Shika sindano uone kama zimepinda. Uliza kipuri cha fundo kinapatikana Arusha au Nairobi, na kwa siku ngapi. Kabla ya kulipa, nenda CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichopo Arusha, ukawaombe ushauri, kwa sababu kupima zana za kilimo ni kazi yao. Na yeyote atakayeiendesha, azime injini na kuchomoa shafti kabla ya kutia mkono kuondoa majani yaliyokwama. Hakuna dharura inayohalalisha vinginevyo.

Ukitaka kujua hei yako ina thamani gani hasa, sampuli inaweza kupimwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Na kwa mbegu au aina nyingine ya nyasi inayofaa ukame wa tambarare, wataalamu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kituo cha West Kilimanjaro hawako mbali nawe. Nenda ukaone vitalu vyao kwa macho.

Limebaki suala la yale marobota ya mwaka jana, kama bado yapo stoo. Usiyachanganye na mapya kwa matumaini kwamba ng'ombe hataona. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kutupa mimba kwa ukungu huo, na sumu za baadhi ya kuvu hupita kwenye maziwa ambayo watoto wako wanakunywa. Yafungue nje kwenye upepo, ukiwa umefunika pua na mdomo, yaende kwenye mboji au chini ya migomba. Kama tayari kuna ng'ombe aliyetupa mimba, anayeharisha au aliyeacha kula baada ya kuyala, mwite daktari wa mifugo umwonyeshe na majani yenyewe. Na kama kijana wako mmoja alipata homa, kikohozi na kubanwa kifua saa chache baada ya kuyafungua, aende hospitali na amweleze daktari kwamba alivuta vumbi la majani yenye ukungu. Asipolitaja hilo, anaweza kutibiwa malaria au nimonia huku mapafu yakiendelea kuumia.